Nimerudi kijijini likizo ya chuo, nikakuta kahawa yetu ilishauzwa ikiwa bado mbichi mtini

Mleta uzi

Wakubwa shikamooni, wenzangu wa vyuo habari za likizo.

Uzi huu ni mrefu. Nauandika usiku kwa simu, nimekaa kwenye jiwe lililo mwisho wa kibanja chetu, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, maana hapa ndipo mtandao unapokamata. Nimemaliza mwaka wa kwanza wa sheria katika chuo kimoja cha Mwanza. Nyumbani ni Muleba, upande wa Kamachumu. Niliondoka Novemba 2024 nikiwa sijawahi kulala nje ya mkoa wa Kagera, nimerudi mwezi huu wa Agosti 2025. Nina wiki tatu hapa, na kuna jambo limenikaa kifuani.

Nianze na safari. Novemba ile tulivuka Busisi hadi Kigongo kwa kivuko, tukasubiri foleni hadi mtoto wa jirani yangu kwenye kiti akalala na kuamka mara mbili. Safari hii daraja lilikuwa limeshafunguliwa tangu Juni. Basi lilipita juu ya maji bila kusimama, abiria wakanyamaza wote wakitazama dirishani, na kabla hatujamaliza kushangaa tukawa upande wa Sengerema. Nilimpigia mama simu kumwambia nimeshavuka. Hakuamini, akaniuliza tena, "Umevuka au unavuka?"

Mama ana sababu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, yeye alikuwa msichana wa shule. Ndani ya meli ile alikuwemo binti wa mama yake mdogo, aliyepandia Kemondo. Huku kwetu karibu kila ukoo una jina la kutaja siku hiyo. Kwa hiyo mtoto akisema anavuka ziwa, hata kwa kivuko cha dakika chache, mama hakai chini mpaka asikie amefika ng'ambo. Daraja lile kwa wengine ni barabara. Kwa mama yangu ni usingizi.

Tukapita Geita, Bwanga, Biharamulo, nikashuka Muleba jioni.

Siku ya kwanza nilipokewa kama mgeni. Nilipiga magoti kumsalimia baba na wazee waliokuwa wamekaa naye. Baba akamwambia mdogo wangu alete kikapu cha kahawa za kutafuna, zile zinazochemshwa na majani yenye harufu kisha zinakaushwa. Kikapu kikaletwa mbele yangu. Wasiojua desturi yetu waelewe: kahawa ile hupewa mgeni. Mimi katika nyumba ile ndiye niliyekuwa nabeba kikapu. Nilichukua punje mbili, nikatafuna, machozi yakanilengalenga na sikujua ni ya nini. Usiku mama alipika ndizi na maharage, akafunika sufuria kwa majani ya mgomba kama zamani, akaongeza samaki aliyenunuliwa kwa ajili yangu. Siku ya pili vilevile. Nilipotaka kuchukua ndoo niende kisimani, mdogo wangu wa kiume alininyang'anya. "Dada, wewe pumzika, umesoma."

Siku ya nne nikasema hapana. Niliamka saa kumi na moja, nikachukua panga, nikaingia kwenye migomba kukata majani makavu. Baba akanikuta. Hakunisalimia hata, akaniuliza, "Hilo panga umelipitisha motoni?"

Nilikuwa nimesahau. Miezi tisa tu, nimesahau jambo nililofundishwa nikiwa darasa la pili. Mnyauko wa migomba uliingia wilaya yetu ya Muleba mwaka 2006, ukafyeka vibanja vya watu. Ugonjwa ule unasafiri kwa panga: ukikata mgomba unaoumwa kisha ukakata mzima kwa panga lilelile, umeshaua. Wadudu nao wanaubeba kupitia ua dume, ndiyo maana ua lile huvunjwa kwa kijiti chenye panda, halikatwi kwa kisu. Kila panga linaunguzwa motoni au linasuuzwa kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe kabla ya kuhamia shina lingine. Baba alikusanya matawi makavu, akawasha moto mdogo palepale, tukaunguza panga pamoja. Hakunigombeza. Lakini nilijisikia vibaya kuliko kama angenigombeza.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Agosti kwetu bado ni kahawa. Nilichuma, nilianika, nilipindua kwenye turubai, jioni nilikunja kabla umande haujashuka. Robusta yetu tunaiuza ikiwa maganda, yaani imekauka na ganda lake, kwa hiyo kazi kubwa ni jua na uvumilivu. Wiki ya pili tulijaza magunia mawili. Nilikuwa nayapigia hesabu kichwani, kwa sababu bei za mnada zinatangazwa na mwaka huu si mbaya. Asubuhi moja ikaja pikipiki na kijana mmoja, akasalimia vizuri, akapakia magunia yote mawili, akaenda. Baba hakupokea hata shilingi. Alisimama tu, mikono nyuma.

Nikamuuliza mama. Mama akaendelea kumenya ndizi. Nikamuuliza tena. Akasema, "Ile ilishaliwa, mwanangu."

Kumbe mwezi wa pili baba alichukua butura. Kwa wasioijua: butura ni kuuza kahawa ikiwa bado ya kijani mtini. Mtu mwenye fedha anakupa leo, wewe unamlipa kahawa wakati wa mavuno, kwa kipimo mlichokubaliana siku una shida. Baba alipewa laki mbili, akaahidi magunia mawili. Kwa bei ya mnada ya wiki ile, magunia yale yangeleta zaidi ya mara mbili ya laki mbili.

Na mwezi wa pili kulikuwa na nini? Mimi. Mkopo wangu wa Bodi ya Mikopo haukufunika ada yote. Mtihani wa muhula wa kwanza ulikuwa unakaribia, na bila kumaliza ada hupewi kibali cha kuingia kwenye chumba cha mtihani. Nilimpigia baba nikilia. Siku tatu baadaye fedha zikaingia. Nikamshukuru, nikafanya mtihani, nikasahau. Sikuwahi kumuuliza zilitoka wapi.

Hili ndilo nililotaka kuwaambia wenzangu walio likizo sasa hivi. Mtu unaweza kumaliza miaka mitatu unarudi, unakula kuku, unapiga picha kwenye migomba, unaondoka, na hujui umesomeshwa na nini. Sisemi tujitese. Nasema tuulize.

Mdau wa Mbozi

Dada, umenigusa. Huku kwetu Mbozi ni arabika, lakini habari ni hiyohiyo, jina tu ndilo tofauti. Mimi nilimaliza chuo mwaka 2019 ndipo mama akaniambia kwamba ng'ombe wawili walioondoka hawakufa kwa ugonjwa kama nilivyoambiwa kwenye simu. Waliuzwa nikiwa mwaka wa pili. Niliishi mwaka mzima nikiwasikitikia ng'ombe. Swali langu: ulimwambia mzee kwamba umejua?

Mleta uzi

Kaka wa Mbozi, pole na asante.

Nilikaa nalo siku mbili. Baba yangu si mtu wa maneno, na kwetu binti hamkabili baba yake na hesabu za fedha. Nilisubiri jioni akiwa anarekebisha chanja. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Baba, nimejua habari ya magunia. Nakushukuru." Sikuongeza neno.

Alinyamaza muda. Kisha akasema, "Ulikuwa unalia." Hilo tu. Akaniomba nimshikie kamba.

Baadaye, usiku, alinieleza mwenyewe bila kuulizwa. Alikwenda kwanza chama cha msingi cha ushirika kuuliza kama anaweza kukopeshwa kwa dhamana ya kahawa yake. Mwezi wa pili hakuna msimu, hakuna fedha. Akaenda kwa ndugu wawili, mmoja alikuwa na mgonjwa. Ndipo akamwendea yule mtu. Alitumia siku moja tu kuamua. Siku zile tatu nilizozihesabu mimi nikiwa bwenini, nikiona ni nyingi, yeye alizitembea kwa miguu.

Mzee wa Bukoba Vijijini

Binti yangu, marahaba. Umeandika kwa adabu, nami nitasema kwa adabu. Butura imepigwa marufuku na serikali miaka mingi na kila msimu viongozi wanaikemea. Haifi. Sababu ni kwamba mtoto hawezi kusubiri mnada wa Julai akiugua Machi. Mimi nimechukua butura mara nne katika maisha yangu. Mara mbili ilikuwa ugonjwa, mara moja msiba, mara moja shule ya kijana wangu. Yule anayetoa fedha wote tunamwita mnyonyaji mchana, usiku tunamgongea mlango. Msimhukumu mzee wako, na msimhukumu sana hata yule kijana wa pikipiki, huenda naye ametumwa.

Mleta uzi

Mzee, shikamoo. Nimesoma maneno yako mara mbili nikamsomea na baba. Aliitikia kwa kichwa.

Simhukumu. Lakini naomba niseme na upande mwingine ambao nimeuona kwa macho yangu wiki hizi. Ubaya wa butura hauishii kwenye bei. Mtu aliyeahidi magunia anachuma haraka ili alipe deni, anachanganya mbivu na za kijani. Kahawa isiyoiva ikianikwa inakuwa nyepesi, inashusha daraja, na inashusha hata ya jirani zikikutana ghalani. Baba yangu alichagua mbivu tupu hata kwa kahawa ambayo si yake tena. Nilimuuliza kwa nini anahangaika nayo. Akasema mti haujui nani anakula.

Na lingine: fedha ya pili. Anayeuza kupitia chama anaweza kusubiri nyongeza endapo kahawa imeuzwa vizuri. Aliyechukua butura hana cha kusubiri. Mavuno kwake yanakuwa kulipa tu, na mwezi wa pili ukifika tena anaanza upya.

Mdau wa Ngara

Nami niko likizo, mwaka wa pili, ualimu. Nimefika nyumbani nikaona wazazi wamepungua mwili. Nikiuliza wanasema ni uzee. Baada ya kusoma uzi huu nimekwenda kuangalia ghala. Nitarudi kuandika, kwa sasa siwezi.

Mdau wa Mbozi

Mleta uzi, wewe unasoma sheria. Hapo nyumbani hawakuletei kesi? Mimi nilisoma uhasibu lakini kijiji kizima kiliniletea mahesabu ya vikoba.

Mleta uzi

Wanaleta. Wiki ya kwanza tu walikuja watu watatu, wote ni habari za mipaka. Mwaka wa kwanza sijui kitu cha kumshauri mtu, kwa hiyo nawasikiliza na kuwaambia wapi pa kwenda. Lakini kuna mazungumzo moja nataka kuyaweka hapa, ingawa hayahusu kahawa. Au yanahusu, ninyi mtaona.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndoa yake ilivunjika zamani. Alirudi, akapewa nyumba ndogo pembeni ya kibanja. Analima, anachuma kahawa, lakini kibanja ni cha ukoo na kila mtu anajua kitaishia kwa wanaume. Jioni moja tulikuwa tunapindua kahawa akaniuliza, "Huko Mwanza wanakufundisha nini hasa?"

Nikamweleza kesi tuliyosoma muhula wa kwanza. Mwanamke wa hapahapa Kagera, Holaria Pastory, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Alipozeeka hana wa kumtunza akaliuza, mwaka 1988, kwa shilingi 300,000, kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi mahakama ya mwanzo, kwa sababu kwa mila yetu ya Kihaya mwanamke hurithi kwa kutumia tu maisha yake, hauzi. Mwanaume ndiye huuza. Mahakama ya mwanzo ikabatilisha mauzo. Mahakama ya wilaya ikampa mama yule haki. Mpwa akakata rufaa Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila ile inabagua na inapingana na haki za binadamu zilizowekwa kwenye Katiba, kwa hiyo mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanaume.

Shangazi aliacha kupindua. Akauliza, "Mwaka gani umesema?"

Nikamwambia 1990.

Akasema, "Mwaka huo nilikuwa bado kwa mume. Sikuambiwa."

Akaendelea kupindua kahawa. Sikuwa na la kusema. Kesi ile tuliisoma darasani kwa dakika arobaini, nikaiandikia kadi ya kukariri kwa ajili ya mtihani: jina, mwaka, jaji, hoja. Ule mtihani ndio uliolipiwa na magunia mawili. Na mtu aliyehusika na ile kesi kuliko wote darasani alikuwa hapa, kilometa mia kadhaa, anaanika.

Kesho yake alinijia na swali lingine. Je, ile hukumu inamhusu aliyerithi kwa wosia tu, au hata aliyeachiwa sehemu kwa maneno? Swali hilo hata mhadhiri wetu hakutuuliza. Nimeliandika kwenye daftari langu, nikifungua chuo nitalipeleka kwenye msaada wa kisheria wa pale chuoni nimuulize wakili.

Mzee wa Bukoba Vijijini

Hilo la shangazi yako usiliache. Wala usilipeleke mbele ya baba yako kwa ghafla. Mwache shangazi mwenyewe achague siku.

Mleta uzi

Ndivyo nitakavyofanya, mzee. Hata yeye amesema hivyohivyo.

Mleta uzi (nyongeza, wiki moja baadaye)

Wengi mmeuliza tumefikia wapi. Naandika kwa kifupi maana kesho kuna kuchuma na nimechoka.

Juzi baba aliniita tukaenda wote chama cha msingi kupeleka gunia la tatu, ambalo halina deni. Ni mara ya kwanza nimekwenda naye. Zamani alikwenda na kaka. Gunia likapimwa mbele yangu, nikasoma mzani, nikaandika. Njiani kurudi aliniuliza ada ya mwaka wa pili ni kiasi gani kwa kila muhula, na tarehe gani. Nikagundua kwamba hajawahi kujua. Kila mara nimekuwa nikimwambia kiasi siku ikiwa imeshafika, kwa sababu nilikuwa naona aibu kumwambia mapema. Tumekaa jioni tukaandika kwenye karatasi: mkopo unalipa kiasi gani, kinabaki kiasi gani, lini. Mama akaja akakaa. Kisha shangazi. Mdogo wangu akashika taa.

Kilichobaki si kikubwa kama nilivyokuwa nikiogopa, ila kinakuja mwezi mbaya. Tumepanga fedha ya gunia la tatu iwekwe kwenye simu ya mama isiguswe. Mimi nimesema nitapunguza sehemu ya fedha yangu ya kujikimu kila inapoingia, niiweke. Shangazi kasema ana njugu mawe kwenye rweya, yaani uwanda wa nyasi nje ya vibanja, akivuna atauza debe moja. Baba alikataa hilo la shangazi. Shangazi akamwambia, "Ni zangu." Baba akanyamaza, ikaandikwa.

Sijui kama itatosha. Mtu akiugua kabla ya hapo, mpango wote unaanguka, na pale kwa yule mtu mlango bado upo. Mdau wa Ngara, nakusubiri, ukipata nguvu andika. Kaka wa Mbozi, mama yako anaendeleaje?

Naondoka mwisho wa Oktoba. Senene wakiwahi nitakuwa nimekula, wasipowahi mama amesema atanitumia wa kukaanga kwa basi. Kuanzia hapo nitakuwa nahesabu kuelekea mwezi wa pili. Ukipita bila pikipiki ile kuja kukagua kahawa mtini, nitarudi hapa kuwaambia.